Kitu cha Kigeni

Hospitali ya Tartu hulala kwa sikio moja.
Saa tano usiku, mgonjwa wa mwisho ameshavaa viatu,
mashine yangu bado ina joto la mgongo wake,
nao wanabisha: watu watatu na blanketi
lililobebwa kama mtoto mwenye homa.

Ndani ya blanketi, kannel.
Ungeiona ungesema kanuni, ndugu mwembamba wa kanuni,
nyuzi saba, msonobari uliochimbwa kwa patasi
na mtu ambaye hakuacha jina.
Ina miaka mia mbili hivi, na ina kikohozi:
ukiiinamisha, kitu hutembea tumboni,
tk, tk-tk.

Ahto, mhandisi, alikuja na maikrofoni na hesabu zake:
mhimili umevunjika, nimeupima mlio.
Dzidra, aliyetoka Riga na theluji kofiani,
husoma mbao kama wengine wasomavyo barua za deni;
alidhani ni fundo lililokauka likachomoka.
Helju hakudhani kitu. Helju ndiye aliyeandika
maombi kumi na moja ya fedha, akapata moja,
na hiyo moja inalipia saa mbili za usiku wangu.

Nikailaza kitandani. Nikasema, kwa mazoea,
"Vuta pumzi. Usijitikise."
Hakuna aliyecheka. Kannel ikatii.

Picha zikaja vipande vipande, kama mkate.
Njia za bungua. Pete za mti,
Dzidra akizihesabu kwa Kilatvia, chini kwa chini.
Gundi. Msumari wa mtu mwenye haraka.
Kisha, kwenye kona, weupe
ambao mbao hazinao.
Niliujua kabla sijaukuza.

Si mhimili, nikasema. Si fundo.
Ni gego. La chini, kushoto. La utotoni.

Ahto akaitazama maikrofoni yake
kama mtu aliyedanganywa na saa.
Tundu la sauti ni dogo kuliko punje ya pilipili manga;
jino halikupitia hapo. Liliwekwa,
halafu kifuniko kikagundishwa.

Bibi yangu alituambia jino likitoka
tumtupie nyenje nyuma ya jiko, atatulipa la chuma.
Labda ni hivyo, akasema Helju, mila, bahati,
baba na mchezo wake. Akaanza kuandika.

Sikutaka kusema. Nilisema, ndiyo kazi.
Jino la utoto linalotoka kwa wakati wake
hutoka bila mizizi; mwili huila polepole,
ikabaki kofia tupu.
Hili lina mizizi miwili, mizima,
imetanuka kama miguu ya anayejifunza kusimama.
Miaka minne, nikakadiria. Isizidi sita.

Dzidra akaacha kuhesabu.

Makala ilitoka mwezi wa kumi, michoro tisa.
Katikati yake:
kitu cha kigeni, milimita kumi na tatu,
mizizi haijamomonyoka, sababu haijulikani.
Mhakiki wa pili alitaka kifuniko kifunguliwe,
kitu kitolewe, kipimwe.
Helju alimjibu kwa sentensi moja; hakunionyesha.
Mhakiki wa tatu aliuliza kama kinaharibu sauti.
Ahto alimjibu kwa jedwali: ndiyo, kidogo,
hasa kwenye uzi mnene,
ule unaovuma chini ya nyimbo zote.

Mwisho kabisa, kwa herufi za kumtafuta mtu kwa miwani,
baada ya wafadhili, kabla ya marejeo, shukrani.
Kuusk, jina la ukoo wetu, ni mti,
msonobari ule ule uliochimbwa tumbo.
Mpiga chapa aliangusha herufi ya mwisho.
Kuus, kwa lugha yetu, ni sita.

Wanamshukuru, basi, Bi. Sita, kwa picha.

Sikuandika kusahihisha.